Hazina ya nyaraka za kesi za Salem: je, inawafaa walimu na wasaidizi wa kisheria wa Mtwara na Lindi?

Inawafaa, tena sana, ila si kwa mtu anayeifungua asubuhi ya semina akitegemea kukuta somo limeshaandaliwa. Jina lake ni Salem Witch Trials Documentary Archive and Transcription Project, inatunzwa na Chuo Kikuu cha Virginia nchini Marekani, na anwani yake ni salem.lib.virginia.edu. Huduma ni bure na hakuna kujisajili. Ndani yake zimo nyaraka za mahakama za kesi za uchawi zilizosikilizwa Salem, katika koloni la Massachusetts, mwaka 1692 na mwanzoni mwa 1693: hati za kukamata, mahojiano, maelezo ya mashahidi, hati za mashtaka, maombi ya majirani na amri za kunyonga.

Katika kesi hizo watu 19 walinyongwa, wanawake 14 na wanaume 5. Mzee Giles Corey alikataa kujibu shtaka, akakandamizwa kwa mawe mpaka akafa. Wengine wasiopungua watano walifia gerezani. Wote hao hawakuwa na hatia, na sheria za Massachusetts zenyewe zimekuja kulikubali hilo kidogokidogo, kuanzia 1711.

Kwa nini mtu wa Newala, Masasi, Nachingwea au Liwale ahangaike na kesi za Wazungu za miaka zaidi ya 300 iliyopita? Kwa sababu anayefundisha haki huku kusini anakosa kitu kimoja muhimu: shauri la tuhuma za uchawi ambalo limeandikwa tangu siku ya kwanza ya malalamiko mpaka mwisho, na ambalo halimgusi ndugu wa yeyote aliyekaa darasani. Mashauri ya kwetu mara nyingi huanza bila karatasi. Lambalamba, yaani mganga anayedai kufichua wachawi, anaitwa, nyumba inaonyeshwa, mama mzee anatengwa, na jalada linafunguliwa polisi pale tu damu inapomwagika au nyumba inapochomwa. TanzLII, tovuti ya sheria na hukumu za Tanzania, ni chombo kizuri, nacho ni bure, na hukumu za Mahakama Kuu Kanda ya Mtwara zimo. Lakini hukumu ni mwisho wa safari. Haikuonyeshi swali la kwanza aliloulizwa mtuhumiwa, nani aliuliza, wala nani aliandika jibu na kwa maneno gani. Nyaraka za Salem zinakuonyesha yote hayo, na ndiyo sababu tunaipa hazina hii uzito mkubwa.

Mpangilio wake ni rahisi ukishaujua. Nenda kwenye sehemu ya kumbukumbu za mahakama. Kila mtuhumiwa ana jalada lenye herufi SWP na namba. Hizo ni herufi za The Salem Witchcraft Papers, mkusanyo uliochapishwa mwaka 1977 katika majuzuu matatu na Paul Boyer na Stephen Nissenbaum, ambao ndio msingi wa maandishi yaliyomo. Sarah Good ni namba 63, Rebecca Nurse ni 94, Tituba ni 125. Katika kila jalada hati zimepangwa moja baada ya nyingine, na nyingi zina picha ya karatasi yenyewe iliyoandikwa kwa mkono. Ziko pia ramani na wasifu wa baadhi ya watu, lakini usianzie huko. Ramani huchukua muda mrefu kufunguka kwenye simu, na mwanafunzi anatoka akikumbuka mito na mashamba badala ya maswali.

Anza na jalada namba 63.

Sarah Good alikuwa mwanamke maskini wa Kijiji cha Salem, anayeombaomba, ambaye akinyimwa kitu alikuwa akiondoka huku akinung'unika. Tarehe 29 Februari 1692 ilitolewa hati ya kumkamata, na siku ya pili, Machi 1, alisimamishwa mbele ya mahakimu John Hathorne na Jonathan Corwin katika nyumba ya ibada ya kijiji. Mahojiano yaliandikwa na Ezekiel Cheever. Swali la kwanza kabisa: una ushirika na pepo mbaya gani? Akajibu, hakuna. Hujafanya mapatano na shetani? Hapana. Kwa nini unawaumiza watoto hawa? Siwaumizi. Basi unamtuma nani? Simtumi mtu. Basi unamtuma kiumbe gani? Hakuna kiumbe, nimesingiziwa.

Hakimu hakuuliza hata mara moja kama watoto wameumizwa na mtu. Hilo lilishaamuliwa kabla mama huyu hajafungua mdomo, na kila alipokataa, swali lililofuata lilichukulia kwamba amekiri nusu. Halafu watoto wakaamriwa wamtazame, wakaanguka na kugaagaa, na hakimu akamwambia: huoni sasa ulichofanya? Kuanguka kwa mshtaki kukageuzwa ushahidi dhidi ya mshtakiwa, papo hapo mbele ya umati. Mwishowe Sarah Good akasema anayewatesa watoto ni Sarah Osborne, mwenzake aliyekamatwa siku ileile. Osborne alifia gerezani Boston tarehe 10 Mei, kabla hajafikishwa kwenye kesi.

Soma pia alichokiandika Cheever pembeni ya majibu. Anasema mama huyu alijibu kwa ukali na chuki, na kwamba hakupenda kulitaja jina la Mungu. Mistari michache kabla, yeye mwenyewe ameandika kwamba alipoulizwa anamtumikia nani, alijibu anamtumikia Mungu, Mungu aliyeumba mbingu na nchi. Kwa mtu yeyote anayeandika maelezo ya watu, awe polisi, mtendaji wa kata au msaidizi wa kisheria, ukurasa huu unafundisha kuliko mhadhara wa nusu siku. Na kwenye jalada hilohilo kuna muhtasari wa mahojiano hayo kwa mkono wa hakimu Hathorne mwenyewe. Weka maandishi mawili kando kwa kando uone kipi kimebaki na kipi kimeachwa.

Jalada la pili la kutumia ni la Rebecca Nurse, kwa sababu linavunja dhana kwamba tuhuma huwapata wakorofi na wasiopendwa tu. Huyu alikuwa bibi wa miaka 71, muumini aliyeheshimika. Majirani 39 walitia saini karatasi ya kumtetea. Juri, yaani jopo la raia lililosikiliza kesi, lilimwona hana hatia. Jaji mkuu William Stoughton akawarudisha wafikirie upya maneno aliyoyasema bibi alipomwona mshtakiwa mwingine aliyekiri akiletwa kutoa ushahidi: huyu ni mmoja wetu. Juri ikamuuliza ana maana gani. Hakujibu. Baadaye alieleza kwamba alimaanisha mfungwa mwenzao, na kwamba masikio yake yalikuwa mazito na moyo umejaa huzuni, hakusikia swali. Tayari uamuzi ulikuwa umegeuzwa. Alinyongwa Julai 19 pamoja na wanawake wengine wanne, Sarah Good akiwemo.

Hapa kuna jambo ambalo wasomaji wengi hulipita. Tazama majina ya watu wazima wanne waliosimama kama walalamikaji kwenye hati ya Februari 29: Joseph Hutchinson, Thomas Putnam, Edward Putnam na Thomas Preston. Preston alikuwa mkwe wa Rebecca Nurse, amemwoa binti yake. Moto alioshiriki kuuwasha kwa mwanamke ombaomba ulifika kwa mama mkwe wake kabla miezi mitano haijaisha. Tunawashauri wakufunzi wasimwage maelezo haya mwanzoni. Waache washiriki walione jina kwenye hati, halafu waonyeshe ukoo.

Sasa dini. Massachusetts ilikuwa koloni la Wapuritani, Waprotestanti waliotaka kulisafisha Kanisa la Uingereza, na kanisa lilikuwa kipimo cha mtu. Kati ya 1659 na 1661 koloni hilohilo liliwanyonga Waquaker wanne mjini Boston, Mary Dyer akiwa mmoja wao, kwa sababu walirudi baada ya kufukuzwa kwa imani yao. Kwa hiyo unaposoma nyaraka za 1692, fuatilia maswali ya ibada. Sarah Good aliulizwa kwa nini haendi kusali. Alisema hana nguo. Sarah Osborne hakuwa amefika ibadani muda mrefu kwa sababu ya ugonjwa, nalo likahesabiwa dhidi yake. George Burroughs, aliyewahi kuwa mchungaji wa kijiji hicho, alihojiwa juu ya mara ya mwisho aliposhiriki meza ya Bwana na kwa nini baadhi ya watoto wake hawajabatizwa. Hakuna hata moja kati ya hayo lililoonyesha kwamba mtu fulani ameumizwa na mtu fulani. Yalionyesha tu kwamba mtuhumiwa si mwenzetu kamili, na kwa mahakama ile hiyo ilitosha kujaza pengo la ushahidi. Burroughs alisali Sala ya Bwana bila kukosea akiwa kwenye ngazi ya kunyongewa, jambo ambalo watu waliamini mchawi hawezi. Umati ukayumba. Mchungaji Cotton Mather, akiwa juu ya farasi, akautuliza, na kunyonga kukaendelea.

Upungufu mmoja wa hazina uko hapa: nyaraka zake zinahusu kesi za 1692 na yaliyozifuata. Kesi ya Ann Glover, mama wa Kiirlandi, Mkatoliki, aliyenyongwa Boston mwaka 1688, inabidi uitafute kwingine. Ni hasara, kwa sababu kwa somo la shuku ya kidini kesi yake ni nzito kuliko nyingi za Salem: alizungumza Kiirlandi mahakamani, na kushindwa kwake kuisema Sala ya Bwana sawasawa kwa Kiingereza kulichukuliwa kuwa dalili ya hatia.

Kwa wanaofundisha sheria ya ushahidi, nenda jalada la Tituba, mtumwa katika nyumba ya mchungaji Samuel Parris. Alikiri, na alipokiri alisema wako na wengine. Hapo mlango ukafunguka. Kuanzia siku hiyo, waliokiri na kutaja wenzao waliachwa hai ili watoe ushahidi zaidi, na waliokana ndio walionyongwa. Samuel Wardwell alikiri, akafuta maneno yake, akanyongwa Septemba 22. Linganisha na Sheria yetu ya Ushahidi, Sura ya 6, ambayo inaruhusu kukiri kwa mshtakiwa mwenza kuzingatiwa lakini inakataza mtu kutiwa hatiani kwa msingi wa kukiri huko peke yake. Washiriki wakishasoma Tituba, kifungu hicho hakihitaji maelezo marefu.

Jambo la pili la ushahidi ni kile tunachopendekeza kukiita ushahidi wa kivuli: shahidi anadai kivuli cha mtuhumiwa kilimjia usiku, kikamkaba au kumchoma, na hakuna mwingine aliyekiona. Juni 15 wachungaji waliiandikia serikali wakionya kuhusu ushahidi wa aina hiyo, lakini barua hiyohiyo ikahimiza mashtaka yaendelee kwa nguvu, na mahakama ikashika sehemu ya pili. Gavana William Phips aliivunja mahakama hiyo maalumu mwishoni mwa Oktoba. Mahakama mpya ilipoanza Januari 1693 bila kuutegemea ushahidi wa kivuli, karibu wote waliobaki waliachiwa. Watatu waliotiwa hatiani walisamehewa na gavana. Watu walewale, kijiji kilekile, hofu ileile. Kilichobadilika ni ushahidi unaokubalika.

Tuje kwenye kasoro zinazokwamisha kazi.

Kubwa ni lugha. Kila kitu ni Kiingereza cha karne ya 17, na tahajia haina kanuni. Programu za kutafsiri zinaweza kuvuruga ukibandika maandishi kama yalivyo, hasa kwenye vifupisho kama wch (which), sd (said) na ye (the). Njia inayofanya kazi ni hii: kwanza andika upya aya kwa tahajia ya Kiingereza cha leo, sentensi kwa sentensi, kisha ndipo utafsiri, kisha mpe mtu mwingine akusomee Kiswahili peke yake bila kuona Kiingereza. Mahojiano ya Sarah Good yakishatafsiriwa yanachukua kama kurasa mbili za A4. Tenga siku nzima kwa kurasa hizo mbili. Majina nayo hayatulii: Nurse huandikwa pia Nurs na Nourse, Corey huwa Cory, Easty huwa Esty. Ukitafuta kwa tahajia moja ukakosa, jaribu nyingine kabla hujaamua kwamba hati haipo. Hati ya kumkamata binti wa Sarah Good, mtoto wa miaka minne au mitano, inamwita Dorcas, ilhali jina lake lilikuwa Dorothy.

Tarehe zinawakosesha hata walimu wa historia. Wakati ule mwaka mpya wa kisheria kwa Waingereza ulianza Machi 25, kwa hiyo hati za Januari mpaka Machi 24 zinaweza kuandikwa 1691 au 1691/2. Mwanafunzi akiziona anadhani Tituba alihojiwa mwaka mzima kabla ya wengine. Sahihisha hilo kwenye nakala yako kabla ya kuchapisha.

Ya mwisho: daftari la mahakama lenye mwenendo wa kesi zenyewe halikusalia. Kilichopo kwa wingi ni hatua za kabla ya kesi. Usimwahidi mtu kwamba atasoma hoja za mawakili. Washtakiwa hawakuwa na mawakili.

Kwa upande wa bando, kurasa za maandishi ni nyepesi na zinafunguka hata mtandao ukiwa wa kusuasua. Picha za hati ndizo zinazokula. Fungua jalada ukiwa mjini, hifadhi ukurasa kama PDF kwenye simu, na tumia picha moja tu ya hati asilia, ile ya kukamatwa kwa Sarah Good, ili washiriki waone mwandiko. Tuma PDF steshenari kwa WhatsApp, chapisha nyeusi na nyeupe. Nakala moja kwa watu watano inatosha kwa sababu zoezi ni la kundi. Usipange semina hii wakati wa minada ya korosho. Wenyeviti wa vijiji na viongozi wa AMCOS, yaani vyama vya ushirika vya wakulima, hawatakaa zaidi ya saa moja.

Zoezi lenyewe: mmoja anasoma maswali ya Hathorne kwa sauti, mmoja majibu ya Sarah Good, mmoja ni mwandishi, wawili wana kalamu. Wenye kalamu wanazungushia duara kila swali linalochukulia kwamba kosa limeshatendeka, wanapiga mstari chini ya kila swali la dini au tabia, na wanaweka alama ya X kwenye kila ushahidi ambao ni mshtaki peke yake anayeweza kuuona au kuuhisi. Kisha kundi linaandika upya maswali matano ya kwanza jinsi yalivyopaswa kuulizwa. Mwandishi anasoma kumbukumbu yake, nao wengine wanataja maneno aliyoyaongeza kutoka kichwani. Saa mbili zinatosha.

Mambo mawili huharibu zoezi hili. La kwanza ni swali litakaloulizwa lazima: kwani uchawi haupo? Ukiingia kwenye ubishi huo, umepoteza chumba. Shehe na mchungaji waliopo watakuwa na majibu yao, na wana haki nayo. Jibu la mkufunzi liwe fupi: mahojiano haya hayapimi anachoamini mtu, yanapima kilichothibitishwa dhidi ya mama huyu, na nani alikithibitisha. La pili ni mshiriki kuanza kutaja kisa cha kijijini kwake na jina la mtu. Mkatize kwa heshima mara moja, hata kama ni mzee wako. Chini ya Sheria ya Uchawi, Sura ya 18, iliyotungwa 1928, kumtangaza mtu kuwa mchawi nako ni kosa, na semina ya haki isiwe mahali jina la bibi wa watu linapochafuliwa. Mwambie mzee kwamba mtazungumza naye faragha baadaye, na kweli umtafute.

Kwa maofisa ustawi wa jamii tungeongeza hati moja tu, ombi la fidia la William Good la mwaka 1710. Huyu ndiye mume ambaye mbele ya mahakimu ilisemwa kwamba aliwahi kusema anahofia mkewe ama ni mchawi ama atakuwa karibuni. Katika ombi anaeleza kwamba mtoto wao mchanga alifia gerezani, na kwamba binti yao mdogo alifungwa minyororo kwa miezi saba au minane, na tangu hapo akili yake haikurudi sawasawa. Tuhuma inapofika kwenye nyumba, watoto ndio wanaobaki nayo muda mrefu zaidi, na jalada la ustawi linapaswa kufunguliwa kwa ajili yao siku ileile.

Shule za sekondari hazihitaji yote haya. Wape wanafunzi orodha ya watu 20 waliouawa, pamoja na nakala ya sheria ya Oktoba 1711 iliyofuta hatia za watu 22, wakitafuta nani hayumo. Watakuta sita kati ya waliouawa wameachwa: Bridget Bishop, Susannah Martin, Alice Parker, Ann Pudeator, Wilmot Redd na Margaret Scott. Pudeator alitajwa kwenye azimio la 1957. Watano waliobaki walitajwa 2001. Kisha wape jalada la Elizabeth Johnson mdogo, aliyetiwa hatiani 1693 na kusamehewa asinyongwe, ambaye jina lake liliachwa mara zote tatu. Lilisafishwa kisheria mwaka 2022, baada ya wanafunzi wa shule ya North Andover na mwalimu wao kulifuatilia bungeni. Vipindi viwili vya dakika 40 vinatosha, na karatasi zote zinaingia kwenye bahasha moja ya A4.